Idi Mubarak, maji yamefika wapi?

Meseji za sikukuu za Dar es Salaam zimeongezeka kipengele. Zamani zilikuwa na mpangilio wake: heri, baraka, dua, salamu kwa shemeji na watoto, basi. Siku hizi, hasa kati ya Machi na Mei na tena kuelekea Krismasi, baada ya heri na baraka linafuata swali la mafuriko. "Idi Mubarak kaka, huko bondeni mmeamka salama?" "Heri ya Pasaka mama Neema, naona mbingu imefunga upande wenu." Anayeuliza hivyo anataka jibu kweli, kwa sababu jibu ndilo litakaloamua kama atavuka bonde la Jangwani kwenda kula pilau kwa mwenzake au ataishia kuangalia picha ya sahani kwenye simu.

Wapo wanaoliona swali hilo kama woga wa kizazi kilichozoea kutishwa na mitandao. Mimi naliona kama njia ya tahadhari iliyojengwa na wananchi wenyewe bila kikao wala bajeti, na kwa mambo kadhaa inaishinda ile rasmi. Ina mapungufu yake makubwa pia, na nitayafikia. Ila kwanza tuone limetoka wapi.

Limetoka kwenye kalenda. Dar ina misimu miwili ya mvua: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Krismasi inakaa mkiani mwa vuli. Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya 25 Aprili, kwa hiyo daima iko ndani ya masika. Idi ya kufungua inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka kadhaa imekuwa ikipita katikati ya mvua hizo hizo: Mei 2022, Aprili 2023, tarehe 10 Aprili 2024, 31 Machi 2025. Ongeza Karume, Muungano na Mei Mosi. Karibu sikukuu zote kubwa za mji huu zimerundikana kwenye miezi ambayo mto Msimbazi hauaminiki.

Na matukio yenyewe hayakuchagua siku za kazi. Mvua iliyoanza tarehe 20 Desemba 2011 ilikuta jiji ndiyo kwanza limemaliza sherehe za miaka 50 ya Uhuru, maduka ya Kariakoo yamefurika wanunuzi wa Krismasi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya kiasi hicho haikuwa imeonekana Dar tangu 1954. Familia nyingi za mabondeni zilikula Krismasi zikiwa zimehifadhiwa madarasani, kisha baadhi yao zikapelekwa Mabwepande kuanza upya. Mwaka 2024 Idi iliangukia mvua zikiwa zimepamba moto. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchini walikuwa wamepoteza maisha kwa mvua za El Niño, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Kabla watu hawajamaliza kupeana pole, kimbunga Hidaya kikagonga karibu na Mafia tarehe 4 Mei. Baada ya mwaka kama huo, mtu atakutumiaje ua na mshumaa peke yake?

Sasa tazama swali lenyewe linavyofanya kazi. Haya ni mazungumzo ya kawaida ya asubuhi ya Idi, mmoja yuko Kigogo, mwingine Tabata:

"Idi Mubarak ndugu yangu."

"Nawe pia. Maji yamefika wapi?"

"Yapo kwa mangi. Ngazi ya pili."

"Yanapanda au yamesimama?"

"Yamesimama tangu alfajiri. Godoro lipo darini, friji tumeipandisha kwenye tofali."

"Watoto walete huku basi. Shemeji yako kashapika."

Mistari sita, na ndani yake mna mahali, kina, mwelekeo, saa, hatua iliyokwisha kuchukuliwa na msaada uliotolewa. Ngazi za duka la mangi ndizo kipimo. Kila mtu wa mtaa ule anazijua, anajua ngazi ya pili maana yake nini kwenye mlango wake mwenyewe, na hahitaji kufafanuliwa. Mtaalamu wa mito angeweka mti wenye alama za sentimita na angefanya vizuri. Wakazi hawakuusubiri.

Kuna salamu nyingine ambayo ni muhimu zaidi, ila haisifiwi. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka ukipokea vijito njiani, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ndipo unaingia baharini penye daraja la Salender. Maana yake ni kwamba mtu wa Kigogo anaweza kuona jua kali huku maji yakimfuata kutoka mvua iliyonyesha alfajiri mahali ambapo hakuiona. Wakazi wa bondeni wanalifahamu hili vizuri. Ndiyo maana kwa mtu wa Kigogo, heri ya sikukuu kutoka kwa rafiki wa Pugu ina uzito kuliko heri kumi kutoka Masaki (wa Masaki mnisamehe). Wa Pugu akiandika "huku imepiga tangu saa tisa usiku", mwenzake anaanza kukusanya vyeti vya watoto na kuvitia kwenye mfuko wa nailoni. Ana saa kadhaa. Bila salamu ile asingekuwa nazo.

Halafu kuna bahari, ambayo katika mazungumzo ya mafuriko ya Dar huwa tunaisahau, tukidhani kila kitu ni mitaro na takataka. Mvuvi yeyote wa Feri au Kunduchi atakuambia kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hupwa sana na hujaa sana. Ndiyo bamvua. Hapa kwetu tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3. Sasa Idi ya kufungua huangukia tarehe mosi ya Mfunguo Mosi, yaani mwezi umeandama jana yake. Kwa hiyo kila Idi ya kufungua, bila kukosa, inaangukia bamvua au mlangoni mwake. Mvua kubwa ya masika ikikutana na usiku huo, mto unafika Salender ukakuta bahari imejaa, hauna pa kutokea, unarudi kulala Jangwani. Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, Jumapili inayoufuata, hivyo kuna miaka inaikaribia bamvua pia. Idi ya kuchinja iko tarehe 10 ya mwezi, na siku hizo ni za maji mafu, bahari imetulia. Haya yote yako kwenye jedwali la maji la bandari, yanajulikana mwaka mzima kabla. Sijawahi kuona tangazo la mafuriko linalomwambia mkazi wa Mchikichini au Magomeni Suna kwamba usiku wa leo bahari itajaa saa ngapi. Mvuvi anayemtumia heri rafiki yake wa bondeni humwambia.

Tuje kwenye tangazo rasmi. Sitaki kuwaonea watu wa hali ya hewa. Kazi yao imepiga hatua kubwa, na utaratibu wao wa rangi, njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa, ni mzuri. Tatizo ni ukubwa wa ramani. Tangazo linasema mvua kubwa kwa baadhi ya maeneo ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, Tanga, Morogoro, Lindi, Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba. Uwezekano wa kutokea: wastani. Athari: wastani. Baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Kisayansi ni sahihi kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kukuambia wingu litapasuka juu ya mtaa upi. Ila mama mwenye genge Tandale, aliyeamka saa kumi kukaanga vitumbua vya Idi, afanye nini na "wastani"? Mkoa wa Dar pekee ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Hao wote wamepewa sentensi moja.

Linganisha na tangazo jingine la angani linalotoka siku ile ile ya 29 ya Ramadhani. Jioni ile mji mzima uko kwenye simu: umeonekana? Bado. Umeonekana? Kisha Mufti anatoka, anatamka, na ndani ya dakika chache kila nyumba kuanzia Mbagala hadi Bunju inajua kesho ni nini. Tangazo la mwezi linashika kasi kwa sababu linatoka kwa mtu mmoja anayejulikana, saa inayojulikana, jibu lake ni ndiyo au hapana, na kila anayelisikia anajua la kufanya: kupika au kula daku. (Wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine wakafungua mapema. Hata ubishi huo wenyewe unafahamika siku mbili kabla.) Tangazo la mvua halina hata kimoja kati ya hivyo. Linakuja saa yoyote, linasomwa na yeyote, halisemi ndiyo wala hapana, na halimwambii mtu ahame lini.

Hapo ndipo salamu zinapoingia kuziba pengo, na zinaziba vizuri mpaka pale zinaposhindwa.

Zinashindwa, kwanza, kwa sababu ya kusambaza. Kila masika huibuka ile video ya gari linalosombwa, haina tarehe, haina mahali, sauti imewekwa juu yake na mtu asiyejulikana. Inaambatana na "Eid Mubarak, tuwaombee ndugu zetu". Ukiichunguza unakuta ni ya mwaka mwingine, pengine ya nchi nyingine. Aprili 2021, katika mfungo wa Ramadhani, kimbunga Jobo kilipokuwa kinatabiriwa kuja upande wa Dar, makundi ya WhatsApp yalijaa picha za majumba yaliyong'olewa mapaa ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na bahari yetu. Jobo kikadhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Basi, utani ukaanza: kimbunga kimeogopa foleni ya Dar, kimekosa nauli. Tulicheka wote. Lakini tahadhari ambayo tukio lake limepungua nguvu haikuwa uongo, na aliyejifunza kutoka Jobo kwamba vimbunga si vyetu alipata jibu miaka mitatu baadaye. Ni kweli vimbunga huja kwetu kwa nadra, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujikunja. Nadra hiyo haijawahi kuwa kinga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Zanzibar, kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi, tena Aprili.

Pili, zinashindwa kwa adabu. Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa kheri kwanza. Ukiulizwa mmeamkaje, unasema salama, alhamdulillahi, Mungu mwema, ndipo shida inafuata, kama itafuata. Siku ya sikukuu adabu hiyo inazidi. Nani anataka kumharibia mwenzake Idi? Nimeshuhudia mtu amekaa juu ya meza, maji yako kwenye miguu ya meza, anajibu simu kwa sauti ya furaha: "Tupo, tupo, tunamshukuru Mungu, nyie je?" Aliyeuliza akakata simu akiwa ameridhika. Kwa hiyo anayetaka kujua kweli haulizi "mko salama?" Anauliza maji yako wapi. Hilo halina jibu la adabu.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, swali lina gharama. Ukimuuliza mtu wa bondeni kama maji yameingia, na akajibu ndiyo, umeshajifunga. Utamwambia pole halafu ulale? Utatakiwa kutoa chumba, au nauli ya bodaboda, au angalau sufuria na magodoro. Wengi wetu tunalijua hilo kabla ya kubonyeza kitufe, na ndiyo maana wale wanaoelekea kujibu ndiyo huishia kupata picha ya mwezi na nyota iliyotumwa kwa watu mia mbili kwa mpigo, huku maswali ya dhati yakienda kwa watu wa ghorofani ambao jibu lao linajulikana. Picha haidai kitu. Sisemi hivi kumlaumu mtu mwenye chumba kimoja na watoto wanne. Nasema tu kwamba mtandao wa salamu una umbo la mifuko yetu. Mpangaji aliyeingia mtaani mwezi uliopita kutoka Kigoma au Singida, hana wa Pugu wala wa Feri, hayumo hata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na chumba alichokipata ni kile cha bei nafuu, yaani kile kilicho karibu na mto. Hakuna anayemuuliza ngazi ya mangi.

Desemba ina sura yake. Wachaga wanakwenda Moshi kuhesabiwa, na siku hizi si wao tu. Nusu ya Mbezi na Kimara inafunga mageti. Nyumba inaachiwa dada wa kazi au mlinzi, ambaye hana uamuzi juu ya kitu chochote chenye thamani. Salamu za Krismasi kutoka Machame kwenda Dar zinakuwa za kukagua nyumba: geti limefungwa, mtaro wa nyuma umezibuliwa, waya wa jokofu umechomolewa? Anayejibu ni binti wa miaka 19 aliyebaki peke yake na radi. Huyo, kama kuna anayestahili kupigiwa simu badala ya kutumiwa meseji, ni yeye.

Tarehe 26 Desemba 2004 inapaswa kutajwa hapa, ingawa haikuwa habari ya hali ya hewa. Tsunami iliyotokea Sumatra ilivuka bahari nzima kwa saa kadhaa na kukuta fukwe za Dar zimejaa watoto wa sikukuu. Kwetu walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao waogeleaji. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni, kifo kilikuwa kimoja. Habari ilikuwa inajulikana duniani kabla wimbi halijafika. Ilikosa wa kuifikisha Coco Beach siku ambayo ofisi zimefungwa.

Serikali, basi, isishindane na salamu, izilishe. Uwezo upo. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi, kupitia mradi wa Ramani Huria, walichora mitaro, vichochoro na maeneo yanayojaa maji kwenye kata nyingi za Dar, hadi kwenye ngazi ya nyumba. Ofisi za serikali za mtaa zipo, zina mwenyekiti anayejulikana kwa sura. Tangazo la mkoa likifika, mwenyekiti wa Kigogo Mbuyuni alitafsiri kwa lugha ya mtaa wake: bahari inajaa saa tano usiku, Pugu imeshanyesha, wa chini ya duka la fulani wahamie shuleni kabla ya isha. Tarehe iandikwe ndani ya ujumbe ili mwakani usisambae kama mpya. Upelekwe msikitini na kanisani, usomwe pale pale yanaposomwa matangazo ya michango na ndoa. Ujumbe wa namna hiyo ukitoka, watu watauongezea heri na baraka wenyewe, na utafika mbali kuliko gari la matangazo.

Najua jibu litakalotolewa: mradi wa bonde la Msimbazi unakuja kumaliza yote haya, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliidhinishwa 2022, nyumba zimebomolewa, daraja jipya la Jangwani linajengwa. Vizuri, na barabara ya Morogoro ikiacha kufungwa kila masika nitakuwa wa kwanza kushukuru. Daraja litayapitisha mabasi ya mwendokasi juu ya maji. Mto Ng'ombe, mto Tegeta, mto Mzinga na mabonde mengine yasiyo na jina kwenye ramani yatabaki na watu wake. Na kuna miaka ambayo tatizo ni kinyume: vuli inachelewa, mto Ruvu unapungua, mgao unaanza, kama Oktoba 2022. Mwaka huo swali la maji lilihusu ndoo.

Kalenda nayo haijatulia. Idi ya kufungua inatoka masika. Ifikapo 2028 itakuwa Februari, kwenye joto. Idi ya kuchinja ndiyo inayoingia. Mwezi ukiandama kama wanajimu wanavyokadiria, mwaka 2029 itakuwa Jumanne ya tarehe 24 Aprili, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar, na Alhamisi yake ni Muungano. Jumatano katikati, tunajuana, hakuna atakayekwenda kazini. Wiki nzima ya masika, ofisi zimefungwa. Nafuu pekee ni kwamba bahari itakuwa kwenye maji mafu. Halmashauri zinaweza kuandika leo nani atakuwa zamu kila mtaa wiki hiyo, na namba yake ya simu ikabandikwa ukutani kwa mangi, juu ya ngazi ya pili.